Kadi za salamu za mkono: kuchonga mihuri ya raba yenye mandhari ya kijijini (uzi mrefu, wenye picha kichwani leteni)

Kihenge (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila ikikaribia Idi, Krismasi au msimu wa mitihani, lazima mtu aulize humu jinsi ya kutengeneza kadi za mkono, na majibu yanaishia "nenda steshenari kanunue". Hii kazi naipenda sana, kwa hiyo leo nashusha nilichonacho. Nitazungumzia aina moja tu: kadi inayochapwa kwa mhuri wa raba unaouchonga mwenyewe, na picha iwe ya kijijini. Nyumba, miti, ng'ombe, mtu na jembe lake.

Raba kwanza. Tafuta kifutio cheupe cha plastiki, kikubwa kuliko vyote dukani. Vile vya waridi vya mwisho wa penseli vinamomonyoka ukifika kwenye mstari mwembamba. Ukipata bamba la raba laini la wachongaji au lino (linoliamu, bamba laini la kuchongea), vizuri zaidi, ila si lazima. Kwa umbo lisilo na mistari ndani, mfano jua, kilima, au ng'ombe anayeonekana kivuli kitupu, kata tyubu ya baiskeli kwa mkasi uibandike kwenye kipande cha mbao kwa gundi ya viatu. Inachapa safi na inadumu. Soli ya ndala inafaa pia kwa maumbo makubwa makubwa.

Cha kuchongea: patasi ndogo zenye mdomo wa umbo la V na la U. Usipozipata, chukua mwavuli uliokufa. Ubavu wake ni chuma chembamba chenye mfereji. Kata kipande cha urefu wa kidole, noa ncha kwa mshazari kwenye jiwe la kunolea, upande wa pili uchomeke kwenye kipini cha mti. Tayari una patasi ya U inayopita hata kwenye manyoya ya kuku. Ongeza kisu chembamba chenye makali kweli.

Kuhamisha mchoro: chora kwenye karatasi ya kawaida kwa penseli laini, 4B au 6B. Laza mchoro kifudifudi juu ya raba, sugua mgongoni mwa karatasi kwa kijiko. Mchoro unahamia kwenye raba ukiwa umegeuka kushoto kwenda kulia, na ukichapa unarudi sawa. Kwa hiyo hata "Idi Mubarak" unaiandika kawaida kwenye karatasi. Wanaoandika moja kwa moja juu ya raba ndio wanaolazimika kugeuza herufi.

Kuchonga: unachokiondoa ndicho kitakachobaki cheupe. Makali yaelekee nje ya mstari, ili mstari uwe mpana chini kuliko juu. Ukikata kwa kuelekea ndani, mstari unabaki unaning'inia, unapinda ukibonyezwa, mwisho unang'oka. Kina cha milimita 2 kinatosha. Kwenye kona usizungushe mkono, zungusha raba, mkono ubaki palepale.

Kutia wino: usikandamize mhuri kwenye pedi ya wino. Geuza mhuri uangalie juu, ugongegonge kwa pedi mpaka uone unang'aa sawasawa. Chini ya kadi weka magazeti kadhaa, halafu bonyeza wima bila kuyumbisha.

Sasa naomba mnisikilize vizuri hapa. Usichonge mandhari yote kwenye raba moja. Chonga kitu kimoja kimoja: mti, nyumba, mtu aliyebeba kuni, ng'ombe, kilima, kihenge cha nafaka. Raba hizo chache zitakupa vijiji chungu nzima kwa kuzipanga upya.

Tuseme ng'ombe asimame mbele ya nyumba. Chapa ng'ombe kwenye kadi. Chapa ng'ombe huyohuyo kwenye karatasi nyembamba, mkate kwa mkasi ukipita ndani kidogo ya mstari wa nje, mlaze sawasawa juu ya yule wa kwenye kadi. Chapa nyumba juu yao. Ondoa karatasi: nyumba imekaa nyuma, haikumpitia mwilini. Kanuni ni hiyo tu, cha mbele kinatangulia.

Umbali nao unapatikana kwa wino uleule. Tia wino, chapa mara moja kwenye karatasi chakavu, kisha bila kuongeza wino chapa kwenye kadi. Inatoka hafifu, na mti huo unasogea mbali. Chapa tena bila kuongeza, unasogea mbali zaidi. Aliyepita Lushoto asubuhi akaona milima ya Usambara imepangana, kila mmoja umefifia kuliko ulio mbele yake, atajua nasema nini. Raba moja ya kilima inakutolea yote hayo.

La mwisho: msichore fremu. Kuna mchongaji wa Uingereza aliyeitwa Thomas Bewick (1753–1828), mzaliwa wa Cherryburn karibu na Newcastle. Alichonga kwenye mti mgumu, upande wa kichwa cha gogo ambako nyuzi za mti zinasimama wima, na alijaza kurasa zake picha ndogondogo za watu wa mashambani kwao: mvuvi kwenye mvua, mzee na mbwa, farasi aliyechoka. Nyingi hazizidi upana wa vidole vichache, na hazina mstari wa kuzizunguka. Nyasi zinapungua, zinakatika, karatasi inaendelea. Jicho la msomaji linamalizia shamba lenyewe. Ukichapa mbuyu mmoja chini kulia na mtu mdogo anauendea kutoka kushoto, ukaacha theluthi mbili za kadi nyeupe, umeshapata uwanda wa Dodoma mzima.

Karibuni. Maswali, picha za kazi zenu, ubishi, vyote leteni.

bintiwapwani

Naweka kambi hapa, uzi kama huu nilikuwa nautafuta. Kaka Kihenge, swali. Nikichapa kwa pedi ya wino ya ofisini kisha nikapaka rangi za maji, mistari yote inayeyuka na bahari yangu inakuwa zambarau. Nachora ngalawa na minazi. Dawa yake nini?

Kihenge

Dada, wino mwingi wa pedi za ofisini unayeyuka kwenye maji, hata baada ya kukauka. Una njia tatu. Badili mpangilio: paka rangi ya maji kwanza, acha ikauke kabisa, ndipo uchape juu. Au tumia penseli za rangi, ambazo hazina maji. Au tafuta wino usioyeyuka kwa maji, ujaribu kwanza kwenye kipande kwa tone moja la maji kabla ya kuuamini.

Kwa bahari ningekushauri njia ya kwanza. Vuta brashi yenye rangi hafifu mara mbili tu kwa ulalo, acha mapengo meupe katikati. Ikikauka chapa ngalawa pale penye pengo. Tanga likiwa jeupe kabisa, linasimama lenyewe. Na wino wa ofisini hauvumilii jua, unafifia, kwa hiyo kadi ya kutundikwa ukutani ichapwe kwa wino mwingine.

Mwalimu wa Sanaa

Hongera kwa uzi, mkuu. Kuongezea hapo kwenye rangi: ile kadi ya Krismasi ya London ya mwaka 1843, inayohesabiwa kuwa ya kwanza kuchapishwa kwa ajili ya kuuzwa, Mwingereza Henry Cole alimwagiza mchoraji John Callcott Horsley aichore. Mistari ilichapishwa, kisha rangi zikapakwa kwa mkono, kadi moja baada ya nyingine. Kwa hiyo mnaochapa mistari na kujaza penseli ya rangi mko kwenye njia ya zamani kabisa ya kazi hii, msijione mmebahatisha.

Darasani naanza na kiazi. Mbatata iliyokatwa katikati, ifutwe maji kwa kitambaa na iachwe dakika chache uso ukauke, maana kiazi chenye majimaji kinakataa rangi. Mtoto anachonga jua au jani, si zaidi. Akishaelewa kwamba palipotolewa ndipo peupe, mpe kifutio.

Ila kwenye kuacha nafasi nyeupe nina ubishi na wewe. Mtazame mchoraji wetu George Lilanga, aliyefanya kazi Nyumba ya Sanaa pale Dar es Salaam. Uso mzima wa picha umejaa viumbe, mikono, miguu, masikio, hakuna pa kuweka kidole, na ni furaha tupu. Kijiji chetu siku ya mnada au ya harusi ndivyo kilivyo. Kwa nini kadi yetu iwe tupu kama ya Mwingereza aliyekaa peke yake mvuani?

Kihenge

Mwalimu, hoja nzito na naikubali nusu. Lilanga anajaza, lakini kila kiumbe chake kina ukingo ulio wazi na rangi yake, ndiyo maana hachanganyi macho. Kwenye raba ya wino mmoja, ukubwa wa kiganja, ukijaza kila pembe mistari inakabana na mtu haoni kitu. Lakini umati unaweza kuupata. Chonga mtu mmoja wa mnadani, kapu kichwani. Mchape mara nyingi akipishana, kwa kuficha kwa karatasi kama nilivyoeleza, wa mbele wino mzito, wa nyuma wino uliofifia. Raba moja inatoa mnada. Nakuahidi nitaichonga ya harusi, umenitia hamu kweli.

Mwendapole

Niseme la moyoni, msinielewe vibaya. Kadi zote za "kijijini" ninazoziona kwenye maduka ya watalii, za magamba ya migomba na za kuchapa, ni zilezile. Msonge wa nyasi, mwanamke ana mtungi kichwani, jua linazama. Mimi natoka kijijini na kwetu nyumba ni za bati, kuna bodaboda chini ya mwembe na paneli ya sola juu ya paa. Kadi hizi zinamwambia nani habari za wapi? Nikimtumia mama yangu kadi ya msonge atauliza hao ni akina nani.

Kihenge

Mwendapole, hoja yako naiona ndiyo kubwa kuliko zote humu, na ningependa kila anayechonga aisome kabla hajashika kisu.

Msonge si nyumba ya "kijijini". Msonge ni nyumba ya watu fulani, mahali fulani. Ule wa Wahaya kule Kagera umefunikwa nyasi kuanzia kileleni mpaka karibu na ardhi, na mlango wake una upinde wa nyasi juu yake. Ukichongwa hivyo, mtu wa Bukoba anaujua mara moja. Ukichongwa duara na koni juu, umekuwa wa kila mahali na si wa mtu yeyote, na hapo ndipo lawama yako inapogonga.

Kwa hiyo chonga ulichokitazama. Bati ni zawadi kwa mchongaji: mistari sambamba ya patasi ya V, mmoja baada ya mwingine, na pale lilipopinda au lilipobandikwa kipande kipya mistari inabadili mwelekeo. Hapo ndipo nyumba inapokuwa ya kwenu. Bodaboda chini ya mwembe ni picha nzuri mno, kivuli cheusi cha mti na pikipiki ikitoka kwa mistari myeupe ndani yake. Sola ni mstatili wenye mistari miwili. Ndoo za plastiki kwenye bomba la kijiji, madumu ya njano yamepangwa foleni, hiyo ni kadi ya Krismasi ambayo mama yako ataicheka kwa kuijua.

Ugogoni

Mimi ni wa Dodoma. Nyumba za tembe zilizobaki kwetu nazo hakuna anayezichora, wakati kwa raba ni rahisi kuliko zote. Paa bapa la udongo, ukuta mrefu, mlango mdogo, nguzo za mti zinachomoza. Ni mstatili uliolala. Nyuma yake mbuyu usio na majani. Tembe inakaa chini sana kwenye ardhi, kwa hiyo ukiweka kadi kwa ulalo na kuipanga tembe chini kabisa, anga lote linabaki. Nilimtumia shangazi yangu aliyeko Arusha, akapiga simu kuuliza kama ni nyumba ya babu. Ilikuwa yenyewe.

Mwendapole

Hapo sasa nimeelewa. Ngoja nimchonge mama na mwembe wake.

Wa Meru, Kenya

Habari zenu nyote. Kwetu kadi za kuwatakia watahiniwa heri zilikuwa jambo kubwa sana, zile zenye muziki ukizifungua. Ningetaka kuwatengenezea wanafunzi wangu za mkono, picha ya majani ya chai na mteremko. Kadi ni nyingi kidogo. Je, naweza kumpa fundi wa mihuri mchoro wangu anitengenezee mhuri wa mpira wenye kishikio, kama ule wa kampuni? Nachelea kifutio kitachakaa.

Fundi Mihuri

Naomba nimjibu, ndiyo kazi yangu. Inawezekana, mafundi wengi tunachonga kwa mashine ya leza au tunatengeneza kwa mpira maalumu unaogandishwa kwa mwanga. Cha muhimu ni mchoro wako. Lete mweusi kwa mweupe kabisa, usiwe na kijivu wala vivuli vya penseli, maana mashine inajua mawili tu, pabaki au patoke. Kivuli ukitaka, kichore kwa mistari au nukta. Mistari isiwe myembamba kama unywele, na nafasi kati ya mistari ndiyo watu wanaisahau: ikiwa finyu inajaa wino na majani yako ya chai yatakuwa doa moja jeusi. Chora mkubwa mara mbili ya ukubwa unaoutaka, tukiupunguza makosa madogo ya mkono yanapungua nayo.

Hauhitaji kugeuza mchoro, mashine inageuza. Na kifutio kikichongwa vizuri hakichakai haraka hivyo, kwa darasa moja kinafika.

Kihenge

Asante fundi. Mwalimu wa Meru, chai nakushauri uichonge kwa safu. Usichonge jani moja moja. Chonga safu moja ya vichaka iliyopinda, uichape kuanzia chini ukipanda mteremko, wino ukipungua kadiri unavyopanda. Mbele kabisa weka tawi moja lenye majani mawili na chipukizi, kama wanavyochuma. Mchumaji mmoja mwenye kapu mgongoni anatosha.

Fundi Mbao

Kuna kitu kwenye maelezo ya kubonyeza wima nataka kukitilia mkazo. Ghana, kule Ntonso, mihuri ya kuchapia vitambaa vyao vya asili viitwavyo adinkra inachongwa kwenye kipande cha kibuyu. Kibuyu kina mzunguko wake, kwa hiyo mhuri unabingirishwa, upande hadi upande. Raba iliyo bapa ukiibingirisha hivyo, kingo zinagusa na unapata alama chafu pembeni. Dawa: baada ya kuchonga, kata raba yote ya pembeni isiyo na picha, ufuate umbo. Halafu ibandike kwenye mbao iliyo sawa. Kwa mhuri mkubwa kuliko kiganja geuza kazi: mhuri uwe chini umeangalia juu, kadi juu yake, sugua mgongo wa kadi kwa kijiko.

bintiwapwani

Na sisi tunayo yetu, Fundi. Kanga za mwanzo kabla ya viwanda zilichapwa kwa mkono hapa Zanzibar, kwa vibao vya kuchonga. Nyanya zetu wangeuelewa uzi huu bila maelezo. Nimejaribu kuzungushia kadi pindo ndogo kama ya kanga na ngalawa ikae mahali pa mji, yaani katikati. Kihenge alikataa fremu, lakini hii nimeipenda na siiachi!

Kihenge

Usiiache dada. Pindo ya kanga ina maana yake na nafasi ya jina chini ipo, andika salamu yako hapohapo. Hiyo imenishinda kwa uzuri.

Karatasi Tupu

Wakuu, mmesema raba na wino, karatasi je? Zangu zinapasuka kwenye mkunjo, na bahasha hazitoshi.

Kihenge

Karatasi ya kawaida ya kudurufu ni gramu 80 kwa mita ya mraba, inalegea. Kadi inataka gramu 200 hadi 300. Manila nyeupe isiyong'aa inafaa. Inayong'aa wino unakaa juu bila kukauka, ukigusa unapaka.

Vipimo: A4 ni milimita 210 kwa 297. Ikate katikati upate A5 mbili, kila moja ikunje katikati, umepata kadi ya A6, milimita 105 kwa 148. Bahasha yake inaitwa C6, milimita 114 kwa 162. Ukinunua manila kubwa ya A1 unapata A4 8, yaani kadi 16.

Mkunjo unapasuka kwa sababu karatasi ina mwelekeo wa nyuzi. Ipinde taratibu bila kuivunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Upande unaopinda kwa ulaini ndio nyuzi zinakofuata, na mkunjo upite hukohuko. Kabla ya kukunja, weka rula na upitishe kalamu ya bik iliyokwisha wino, ubonyeze mfereji. Kunja ukifuata mfereji. Na chapa kabla hujakunja, kadi ikiwa bapa.

Ukitaka weupe upungue, chovya karatasi kwenye chai ya rangi iliyokolea, ianike kivulini, ikikauka ikandamize chini ya vitabu usiku kucha. Udongo wa kuta na nyasi kavu zinakaa vizuri juu ya rangi hiyo kuliko juu ya weupe mtupu.

Mjasiriamali

Nauliza la soko. Hizi zinauzika? Mtu ana picha za bure kwenye WhatsApp.

Mwalimu wa Sanaa

Zinauzika kwa anayetaka kitu cha kushikwa mkononi. Usishindane na picha ya simu, mteja wake ni mwingine. Wahitimu, wanaoshukuru wafadhili, wageni wanaondoka, wenye harusi ndogo wanaotaka mwaliko usiofanana na wa jirani. Kwa harusi mchongee mhuri wa mahali pao: kanisa au msikiti wa kijijini kwao, mti wanaokutania watu. Hesabu karatasi, bahasha, wino na saa zako. Saa ndizo wengi wanazoziacha nje, halafu wanashangaa wanachoka bila faida. Nyuma ya kadi andika kwa penseli picha ni ya wapi. Mnunuzi anapenda kujua kihenge hicho kiko Usukumani.

Karatasi Tupu

La mwisho kwangu. Mihuri yangu naihifadhi kwenye kopo la plastiki na nimeikuta imegandana na kopo, uso umeyeyuka. Joto?

Kihenge

Joto linachangia, lakini chanzo ni raba yenyewe. Vifutio vya plastiki vina kilainisho kinachotoka taratibu na kuyeyusha plastiki nyingine kinachoigusa, iwe kopo, rula au kishikio. Ndiyo maana vinauzwa vikiwa na vazi la karatasi. Funga kila mhuri kwenye karatasi, usiiache miwili ikigusana uso kwa uso, weka kwenye boksi la kadibodi mbali na dirisha. Ukimaliza kazi futa wino kwa kitambaa chenye maji kidogo, na petroli au thina isikaribie, inavimbisha raba. Iliyoyeyuka uso kidogo unaweza kuisugua kwenye msasa laini juu ya kioo na kuichonga upya mistari iliyofifia, kama kina bado kipo. Lete picha tuone.